Mwalimu Tuliyemwandikia Barua

Habari za kifo cha Mwalimu zilinikuta kazini, Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, nikiwa nimepiga magoti mbele ya bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, namvisha soksi. Simu ilitetemeka mfukoni. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi haturuhusiwi kupokea simu tukiwa na mkazi, kwa hiyo niliiacha, nikamaliza soksi ya pili, nikamfunika bibi blanketi miguuni, ndipo nikatoka varandani na kupiga. Aliyenitafuta alikuwa mchungaji wa kanisa la Wakongo kule Blacktown. Baada ya salamu akaniambia kwamba yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akikaa Guildford, yule Mkongo mrefu mwenye miwani, amefariki. Moyo wake ulisimama asubuhi, peke yake nyumbani, akijiandaa kwenda shuleni. "Kaka, wewe ulimujua, si ndiyo?" akaniuliza. "Tuko natafuta mutu wa kusoma historia ya maisha yake kwa maziko." Nikamjibu kwamba nilimfahamu kidogo. Akauliza Mwalimu alizaliwa mwaka gani. Sijui. Alikuwa na watoto? Sijui. Na mke, je, yuko hai? Nikasema, Mchungaji, hilo nalo sijui. "Bon," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wewe ni mutu wa tano napigia. Wote wananiambia walimujua kidogo."

Nataka niwaambie wasomaji wangu mapema kwamba hapa hamtasoma sifa nyingi za marehemu, kwa sababu mimi si mtu anayestahili kuzitoa. Nitasimulia nilichokiona na nilichokifanya. Lakini kwanza niwaeleze jinsi kifo chake kilivyojulikana. Shule yake ilipiga simu mara tatu kabla kengele ya kwanza haijalia, kwa sababu katika miaka yote aliyofundisha pale hakuwahi kuchelewa, na kimya chake kikawatia wasiwasi. Kabla ya saa nne mwalimu mwenzake alikuwa ameshafika Guildford, anagonga mlango. Sisi tuliokula naye pilau ya Krismasi, tuliomwita ndugu na kumpigia makofi kanisani alipopata kazi ile, tungepitisha hata mwezi mzima bila kujiuliza yuko wapi.

Alitoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Kule alifundisha shule ya msingi mpaka vita vilipomtoa, akaishi kambini miaka mingi, kisha akaletwa Sydney, na kama wengi wetu akaanzia ghalani, kupanga na kupakia masanduku. Wakati wenzake wanalala siku zao za mapumziko yeye alisoma upya ualimu, kwa Kiingereza alichojifunza akiwa mtu mzima. Mwishowe akapata nafasi katika shule moja ya msingi ya kimataifa, aina ya shule ambayo watoto wake leo wako Sydney na mwakani watakuwa Singapuri au Geneva, kutegemea kazi za wazazi wao. Shule hizo zina namna yao ya kufundisha hesabu. Mwalimu haanzi na kanuni ubaoni. Anaanza na swali, watoto wanalihangaikia, wanabishana, wanakosea, wanajaribu tena, na kanuni inakuja baadaye kama kitu walichokivumbua wenyewe. Kwa maneno ni jambo jepesi. Mimi nilisoma Chuo cha Ualimu na nikafundisha Tanga miaka minane kabla sijaja huku, na nawaambia sijawahi kuona kazi ngumu kuliko ile.

Niliiona kwa macho yangu kwa sababu nilitaka kuandika habari zake katika safu hii, naye akaniombea ruhusa niingie darasani kwake siku moja. Alinikalisha nyuma, kwenye kiti cha mtoto ambacho magoti yangu yalikaribia kugusa kidevu. Watoto walikuwa wa miaka tisa na kumi. Akagawa vipande vya kamba, kila kundi kimoja, kila kimoja kimefungwa kuwa kitanzi. Sakafu ya darasa ilikuwa ya vigae vya mraba, na kamba zote zilikatwa ili zizunguke kingo ishirini na nne za vigae hivyo. Swali lake lilikuwa hili tu: ukiitandaza kamba hii sakafuni kwa umbo la mstatili, itafunga vigae vingapi? Hakuongeza neno. Msichana mmoja, mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa sauti, akajibu papo hapo kwa Kiingereza chao cha haraka kwamba vigae lazima viwe sawa kwa kila kundi, kwa kuwa kamba ni sawa. Mwalimu akamuuliza kama ana hakika. Anayo. "Basi wahakikishie wenzako," akamwambia.

Kamba ya msichana ilifunga vigae ishirini, kumi kwa viwili. Kundi la jirani lilipata thelathini na sita, sita kwa sita. Msichana akaenda kuvihesabu vile vya jirani, akarudia, akawaambia wamedanganya, kamba yao ni ndefu. Wakaziweka kamba mbili pamoja, zikawa sawa. Akamrudia Mwalimu. "Niambie nani amekosea." Mwalimu akajibu, "Sijui wewe unaona nini. Nionyeshe." Msichana akapandisha sauti: "Wewe ni mwalimu! Unajua!" Na machozi yakaanza kumlenga. Pale nyuma mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nisisimame nikamwambie jibu. Chuoni tulifundishwa kwamba darasa likiwa kimya ujue mwalimu hakujiandaa. Yeye akapiga magoti sakafuni karibu na mtoto, mikono mapajani, akakaa kimya. Nilitazama saa ya ukutani. Zilipita kama dakika mbili, na dakika mbili za kimya mbele ya mtoto anayelia ni ndefu sana. Ndipo msichana akaanza kuivuta kamba yake taratibu, mstatili ukawa mwembamba, kigae kimoja kwa kumi na kimoja. "Nikiibana zaidi," akasema, kama mtu anayejisemea, "haitafunga kitu. Kwa hiyo kamba haijui kuna vigae vingapi ndani." Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu. Kisha mtoto akafuta pua kwa mkono wa sweta na kuuliza, "Na kama si mstatili?" Akaanza kuisukuma kamba kwa vidole mpaka ikawa duara.

Mwalimu alisimama, akaenda dirishani, akatugeuzia sote mgongo. Nilidhani amechoka. Tulipotoka nje nilimuuliza kulikoni. "Miaka tatu nafundisha ile leçon, ile somo ya kamba," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Hakuna mutoto aliuliza ile swali bila mi kumusukuma. Nilikuwa naficha uso, kaka."

Niliandika makala ile, baadhi yenu mtaikumbuka. Na ni mimi, si mtu mwingine, niliyempendekeza Mwalimu kwa kamati yetu ya darasa la Jumamosi. Wakati huo tulikuwa na darasa la ziada katika ukumbi wa kanisa, Blacktown, kwa watoto wetu wa Afrika Mashariki na Kongo, kuwasaidia hesabu na Kiingereza. Mwenyekiti alikuwa dada mmoja wa Kenya, muuguzi, mwanamke mchapakazi ambaye bila yeye darasa lisingeanza. Mimi nilikuwa katibu. Mwalimu alikubali siku hiyohiyo nilipomuuliza, wala hakutaka hata nauli. Kwa muda wa miezi mitano tukawa tunarudi pamoja kwenye treni inayoshuka kutoka Blacktown, yeye akiteremka Guildford, mimi nikiendelea mpaka Glenfield na kubadilisha treni ya Campbelltown. Ndiyo muda wote niliopata kukaa naye tukiwa wawili tu. Nusu saa au zaidi kidogo, kila Jumamosi, mchana.

Katika safari mojawapo nilimuuliza alijifunzia wapi uvumilivu ule. Nilitegemea aniambie habari za chuo. Alitazama nje, nyumba za Merrylands zikipita, akanisimulia habari ya msichana mmoja aliyemfundisha Uvira. Darasa lilikuwa na watoto sabini. Siku hiyo aliwapa hamsini na mbili toa thelathini na nane, nao walipaswa kuifanya kama alivyowafundisha, kuanzia kulia, kukopa kumi kutoka makumi. Msichana yule alileta kumi na nne, jibu sahihi, lakini njia haikuwa yake. Alikuwa ameandika hamsini toa thelathini, ishirini. Kisha mbili toa nane, akaandika pembeni, "inapungua sita." Kisha ishirini toa sita. "Mi nikasema, huyu ameiba jibu kwa mwenzake, sasa anatafuta namna ya kuificha," Mwalimu alisema. "Nilimupiga, kaka. Mbele ya wote. Alikuwa anataka kunieleza, na mi nikamupiga ju ya kutaka kueleza." Muda si mrefu vita vikaja, darasa likatawanyika, hakumwona tena.

Miaka mingi baadaye alikuwa ghalani hapa Sydney, asubuhi, mbele ya paleti ya mbao iliyopangwa masanduku hamsini na mawili. Msimamizi akamwambia atoe thelathini na nane. Akataka kujua yatabaki mangapi, akapiga hesabu kichwani. "Nikasema hamsini toa makumi tatu, ishirini. Mbili toa nane, inapungua sita. Kumi na ine." Akanigeukia. "Unaona? Nilifanya vile yeye alifanya. Mutoto alikuwa na raison, alikuwa kwa kweli. Hakuiba. Nilisimama pale na sanduku kwa mikono, nikataka kumuambia mutu. Nikaangalia huku na huku. Kulikuwa mashine, na kijana mumoja wa Samoa ako na vitu kwa masikio anasikiliza muziki. Hakuna mutu wa kuambia." Nilimuuliza kama aliwahi kumtafuta yule msichana. Akasema aliuliza kwa kila mtu wa Uvira aliyemfahamu, na kwamba wapo wanaosema alivuka kwenda Burundi na wapo wanaosema mengine. Treni ikasimama Guildford. Akashika begi lake, akaniaga, akateremka. Siku ileile ya paleti, aliniambia Jumamosi iliyofuata, alikwenda kuulizia fomu za kurudi chuoni.

Kwa hiyo nilikuwa nayajua haya yote wakati malalamiko yalipoanza.

Yalianza kwa sababu ya viti. Mwalimu alikuwa akitaka watoto waone saba mara nane, basi akawafanya wapange viti vya plastiki vya kanisa, safu saba za viti vinane, kisha akawauliza kama wakisimama upande wa pili wa ukumbi wataona kitu kilekile au kitu kingine. Ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa. Watoto walizunguka ukumbi, walipanda juu ya jukwaa la kwaya, wakapanga upya, wakahesabu upya. Wazazi waliokuja kuwachukua walikuta kelele, viti vimevurugika, na madaftari hayana kitu. Mwenyekiti alisimama mlangoni bado akiwa na sare ya hospitali. "Sasa hawa wamekuja kupanga viti ama kusoma?" akaniuliza mimi, si Mwalimu.

Jumamosi iliyofuata tukafanya kikao. Mama mmoja wa Kikongo, mfanyakazi wa ghala la vyakula, alikuwa na daftari la binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, hawajatimiza mwaka tangu wafike nchini. Mama akalifungua mezani. "Mwalimu, tazama. Mutoto ameandika saba mara nane ni hamsini na ine. Hukuweka kosa. Umeandika nini hapa? 'Umefikaje hapa?' Sasa ni wewe unauliza yeye?" Mwalimu akamwomba afungue ukurasa unaofuata. Pale binti alikuwa ameandika, kwa Kiswahili na Kiingereza vilivyochanganyika, kwamba saba mara saba ni arobaini na tisa, akaongeza saba kwa kuhesabu vidole, na akaruka vidole viwili. Jibu sahihi lilikuwa chini yake, ameliwekea duara mwenyewe. Mama hakulitazama. "Mi niko nainua masanduku kila siku ju huyu asiinue," akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Sina wakati ya kungojea aone mwenyewe. Mumuambie tu."

Mwenyekiti akaweka mkono begani mwa mama yule. Akazungumza kwa upole, na nikiri kwamba alichosema hakikuwa jambo dogo, wakati ule wala sasa. "Mwalimu, hakuna mtu hapa anasema hujui kazi. Lakini hawa watoto wetu wako na mtihani wa kuingia sekondari nzuri. Wale wa hiyo shule yako wakianguka, baba atawatafutia nyingine. Wetu wakianguka ni hivyo tu. Wafundishe tebo, hizo saba mara nane wazikariri, waingie, kufikiria watafikiria wakishaingia." Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Alisema ndiyo sababu hasa anataka wajue kufikiri, kwa kuwa hawana mtu wa kuwafikiria. Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nimeona msichana na kamba. Mimi nilikuwa nimesikia habari za Uvira. Ningeweza kusema, jamani, tumpe muhula mmoja. Nikainamisha kichwa nikawa naandika kumbukumbu za kikao, naandika kila walichosema wengine.

Alipoondoka kamati ikaamua. "Katibu, utamwandikia barua," mwenyekiti akasema, na watu wakaanza kutafuta funguo za magari. Nikaiandika usiku wa kuamkia kesho yake, ukurasa mmoja. Mnaonisoma mnajua kwamba ninaweza kuandika Kiswahili kikalainika. Nilimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Nikaandika kwamba kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imeona ni vema apumzike kwa sasa. Nikaweka sahihi, nikaituma kwa posta, ingawa nilikuwa na namba yake ya simu, na ingawa ningeweza kungoja Jumamosi nikamwambia tukiwa kwenye treni.

Alinipigia siku barua ilipomfikia. "Nimepata barua yako," akasema. "Kiswahili kizuri sana. Nimeisoma mara mbili. Lakini kuna kitu sijaelewa." Nikamuuliza kitu gani. "Wewe unaona nini?" Nikamjibu kwamba kamati iliona, kutokana na mazingira yalivyo. "Kamati nimesikia," akasema. "Nakuuliza wewe." Hakukata simu, hakukohoa, alisubiri tu kama alivyosubiri darasani, na mimi nikiwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, mashine zikizunguka. Nilikuwa na jambo la kusema. Lilikuwa limefika mdomoni. Nikamwambia muda wangu wa mapumziko umekwisha. "Haya, kaka. Kazi njema," akasema.

Baada ya hapo nikaanza kupanda treni ya baadaye, kwa kuwa siku za Jumamosi yeye bado alikuja Blacktown sokoni na kurudi kwa ile tuliyoizoea. Sikujiambia kwamba ninamkwepa. Nilijiambia kwamba nina mambo ya kumalizia ukumbini. Mara mbili nilimwona kwa mbali, mara moja kwenye jukwaa la stesheni ya Guildford, nilipokuwa ndani ya behewa na mlango unafungwa. Alikuwa amebeba mfuko wa mboga, anasoma karatasi za watoto huku amesimama. Darasa la Jumamosi lilimpata kijana wa chuo kikuu mwenye karatasi za maswali zilizochapishwa, watoto wakakaa kimya, viti havikuhama. Baadhi walifaulu mtihani na baadhi hawakufaulu, kama ilivyokuwa kabla. Sitawadanganya kwamba kwa njia ya Mwalimu wote wangefaulu. Sijui. Hakuna aliyempa nafasi tujue.

Tangu Mchungaji anipigie simu nimekuwa nikijiuliza kwa nini watu wa nchi ya ugenini walimpokea na sisi tukamkataa. Nadhani sisi tumejifunza nchi hii kwa kufuata maelekezo. Ghalani unaambiwa panga hapa, unapanga. Katika kazi yangu kila mzee ana jedwali ukutani linaloniambia saa ya dawa na saa ya kuoga, na mfanyakazi anayeuliza sana anaonekana hajui Kiingereza. Tunafika nyumbani tumechoka, tunawaongelesha watoto Kiswahili, wanatujibu Kiingereza, na mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kuuliza mwenzake alimaanisha nini. Katikati ya maisha kama hayo akaja mtu wa kwetu mwenyewe anayetaka watoto wetu wakawie. Tulimwona kama anawachelewesha. Wale wazazi wa shule ya kimataifa wana uwezo wa kununua muda, sisi tunauuza wa kwetu kila siku. Hiyo ndiyo sababu naielewa hofu ya mama yule wa daftari, na hiyo hainiondolei mimi lolote, kwa kuwa mimi sikuwa na hofu yake. Mimi niliogopa kutofautiana na watu ninaokunywa nao chai.

Tulimzika siku ya Ijumaa. Kanisa lilijaa, lakini si kwa watu wetu. Walikuwa walimu wenzake, wazazi wa mataifa ambayo sikuweza kuyatambua, na safu nne za watoto waliovaa sare, wamekaa wima, wengine wamebeba karatasi walizochora. Watu wetu tulikuwa safu moja na nusu. Mwenyekiti hakupata ruhusa hospitalini. Mchungaji alikuwa amefanikiwa kumpata dada wa marehemu aliyeko Bujumbura, na kutoka kwake ndipo tulipojua mwaka wa kuzaliwa, na kwamba mke wa Mwalimu alifia kambini miezi michache kabla ya safari ya kuja huku, na kwamba hawakujaliwa watoto. Simu ya Mchungaji iliwekwa juu ya mimbari ili dada asikilize ibada. Kabla haijaanza tulimsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa na watu?" Mchungaji akatazama kanisa lote, kisha akatutazama sisi. "Kanisa limejaa, mama," akamjibu.

Nilipoitwa kusoma historia yake nilisoma kile kilichoandikwa, kisha nikaikunja karatasi. Nikasimulia habari ya hamsini na mbili toa thelathini na nane, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza ili wale watoto waelewe. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kumwondoa katika darasa letu. Nikasema kwamba aliniuliza ninaona nini, nami nilikuwa naona mwalimu bora kuliko wote niliowahi kukaa darasani mwao, na sikumwambia. Nikarudi kuketi.

Baadaye, kwenye chai, yule mama wa daftari alinifuata. Nywele zake zimeingia mvi. "Kaka, ile barua haikuwa yako peke," akasema. "Ilikuwa na woga yangu ndani." Alikuwa na binti yake, sasa mwanamke mzima, anasomea uuguzi katika chuo cha ufundi kule Campbelltown. Nilimuuliza binti, kwa Kiswahili, kama anakumbuka lolote katika hesabu za Mwalimu. Akacheka kidogo, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hesabu zenyewe hazikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba mwaka ule wa kwanza alikuwa akianza sentensi bila kujua itaishia katika lugha gani, na kila mtu mzima alikuwa akimmalizia, shuleni, dukani, nyumbani. "Yeye hakunimalizia," akasema. Mama yake, aliyekuwa amesimama kando na kikombe mkononi, akageuka kumtazama, na nikaona kwamba ni mara ya kwanza analisikia jambo hilo. "Hukuniambia," mama akasema. Binti akainua mabega. Kisha wakasogea pembeni, karibu na dirisha, na nilipoondoka walikuwa bado wanazungumza.

Nimejifunza nini, katika umri huu? Kwamba ukiulizwa wewe unaona nini, sema unavyoona siku hiyohiyo, hata kama sauti itatetemeka na hata kama watakaokasirika ni rafiki zako. Usijifunike kwa kamati. Kamati yetu ilikwisha kuvunjika. Mwenyekiti alihamia upande mwingine wa jiji, wajumbe wengine wana vikao vingine, na nina hakika wengi wao hawakumbuki tulijadili nini mchana ule. Barua ilikuwa na jina la kamati pale juu. Sahihi iliyo chini ni yangu peke yangu.